Baiskeli Masafa Marefu: Hesabu ya Saa Kabla ya Misuli

Mwaka 1891, katika mashindano ya baiskeli, Mfaransa Charles Terront alitoka Paris hadi Brest, karibu na bahari ya Atlantiki, akageuza na kurudi Paris kwa takriban saa 71, akawashinda wote. Safari hiyo ya kilomita zipatazo 1,200 ingali inafanyika. Mwaka 1931 waendesha baiskeli wa ridhaa walitenganishwa na wa kulipwa, na siku hizi Paris–Brest–Paris hufanyika kila baada ya miaka minne. Hakuna anayetangazwa mshindi. Anayemaliza ndani ya saa 90 amefaulu.

Umbali huo unatisha mpaka uugawe. Kilomita 1,200 kwa saa 90 ni wastani wa kilomita 13 na ushei kwa saa, mwendo ambao muuza maziwa anaumudu na madumu yake. Anayekwenda kilomita 20 kwa saa atakuwa barabarani saa 60. Zilizobaki 30 ni za kula, kulala, kuziba pancha na kugongewa muhuri kwenye vituo vya ukaguzi. Humo ndimo muda unamoyeyuka: dakika 40 za soga katika kila kituo, kwa vituo 15, ni saa 10 zilizotoka kwenye usingizi.

Waandaaji, Audax Club Parisien, humtaka mshiriki kwanza amalize safari za kilomita 200, 300, 400 na 600 mwaka huohuo. Ya 200, karibu sawa na Dar es Salaam hadi Morogoro, ina ukomo wa saa 13 na nusu. Ya 600 saa 40. Ngazi hii inamfaa hata asiyewaza kufika Ufaransa, kwani kila hatua huufundisha mwili jambo jipya.

La kwanza ni chakula. Misuli na ini huhifadhi wanga gramu 400 hadi 500 hivi. Ukipanda vilima kwa pupa, akiba hiyo huweza kwisha ndani ya saa mbili, na hapo miguu hugoma ghafla. Nenda mwendo unaokuruhusu kusema sentensi nzima bila kuhema, na kula kabla njaa haijabisha. Gramu 60 za wanga kwa saa, yaani ndizi mbivu mbili na tende chache, zinawatosha wengi. Maji unywe kwa kiu na usisahau chumvi. Maji matupu kupita kiasi hushusha sodiamu kwenye damu, nayo ni hatari.

La pili ni mkao. Kidole cha mwisho na cha pete vikifa ganzi, usukani unabana neva ya kiganja. Badilisha mshiko mara kwa mara. Goti likiuma kwa mbele, mara nyingi siti iko chini mno. Weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unapaswa kunyooka.

Katika safari yako ya kwanza ya kilomita 200, andika muda wote uliotumia na muda ambao magurudumu yalizunguka. Kuokoa saa moja ya kusimama kunahitaji nidhamu tu. Kuipata saa hiyo kwa miguu, kutoka kilomita 20 kwa saa hadi zaidi ya 22, ni miezi ya mazoezi. Anza na ile ya bure.