Haba na haba humaliza kibaba

Sisi walimu wa Kiswahili tunaosahihisha insha tumeizoea methali moja isiyokosekana katika madaftari ya wanafunzi: haba na haba hujaza kibaba. Mwanafunzi huieleza kwa ufasaha, akamtaja mkulima aliyeweka senti zake hadi akajenga nyumba ya mawe, akapata alama zake akatua. Ni nadra mno kumpata anayejua kibaba chenyewe ni nini, na tusifichane, mwalimu wake aghalabu hajui pia. Kibaba kilikuwa kipimo cha nafaka cha watu wa pwani. Vibaba viwili hufanya kisaga, visaga viwili hufanya pishi. Kabla ya methali hiyo kuingia darasani, ilikuwa jikoni, mikononi mwa mtu aliyepima chakula cha siku na kutazama kilichobaki guniani.

Nimeifundisha methali hiyo kwa miaka mingi. Hata hivyo, ni mwaka 2019 tu ndipo nilipotanabahi kwamba kinachojaa kwa haba huweza pia kuisha kwa haba, na kwamba kibaba changu mwenyewe kilikuwa na tundu.

Ilikuwa muhula wa pili. Jumatatu moja nilisimama mbele ya darasa langu nikasoma majina ya wanafunzi waliodaiwa karo, wakachukua mikoba yao wakaondoka. Kazi hiyo siipendi, lakini nilikwisha kuizoea. Alhamisi ya juma lilo hilo nilirejea nyumbani jioni nikamkuta binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni, ameketi sebuleni na sanduku lake. Alikuwa amerudishwa kwa salio la shilingi 4,200. Hakulia wala hakulalamika. Aliniamkia, akaenda kumsaidia mama yake kuchambua mboga. Mtoto wa mwalimu! Niliona haya kupita mbele yake kwenda kuoga.

Usiku ule nilimwambia mke wangu kwamba mshahara ni mdogo na kwamba serikali imetutupa. Alinisikiliza hadi nikamaliza. Kisha aliinuka, akaleta daftari la deni tulilokuwa tukilitumia kuchukulia bidhaa katika duka la mtaani, akaliweka mezani mbele yangu.

"Baba watoto," akasema, "mshahara ni mdogo, sikatai. Lakini hili je, umewahi kulisoma?"

Sikuwa nimewahi. Nilikuwa mtu wa kulipa jumla mwisho wa mwezi, nikinung'unika, pasi na kutazama jumla hiyo ilitokana na nini. Tuliketi sisi wawili na binti yetu, ambaye hesabu ni somo alipendalo, tukalipitia daftari la mwezi wa Juni mstari kwa mstari. Yeye ndiye aliyependekeza kwamba kando ya kila tulichonunua kwa vipimo vidogo, tuandike bei ambayo tungelipa kama tungekinunua kwa kipimo kikubwa na kwa fedha taslimu.

Sukari tulikuwa tukiichukua robo kwa robo, shilingi 35 kila robo. Mwezi ule tulichukua robo 28, yaani kilo 7, kwa shilingi 980. Pakiti ya kilo moja iliuzwa shilingi 115, kwa hivyo kilo 7 zingetugharimu shilingi 805. Hapo 175 zimekwenda. Mafuta ya kupikia tulipimiwa ya shilingi 10, mara tatu kwa siku, na kila kipimo kilikuwa na mililita 40 hivi. Kwa mwezi tulitumia lita 3 na nusu na ushei kwa shilingi 900, ilhali kwa bei ya lita zingekuwa 684. Hapo zimekwenda 216. Unga wa pakiti ya kilo mbili tulilipa shilingi 125 kwa sababu ni wa mkopo, nayo robota zima lingetupatia kila pakiti kwa 110. Pakiti 20 kwa mwezi, shilingi 300.

Makaa ndiyo yaliyonishangaza. Kopo moja lilikuwa shilingi 50, na sisi tulinunua makopo 45 kwa mwezi: shilingi 2,250. Gunia zima, ambalo baadaye tulilipima tukakuta lina makopo 45 kasoro kidogo, liliuzwa 1,600. Ukiongeza yale madogo madogo, majani ya chai ya pakiti za shilingi tano, sabuni iliyokatwa vipande, kiberiti na chumvi, tulikuta tunalipa takriban shilingi 1,580 zaidi kila mwezi kwa chakula kile kile, nishati ile ile na sabuni ile ile. Binti yangu alizidisha kwa miezi mitatu, akapata 4,740. Aliiweka kalamu chini bila kusema neno. Salio lake la karo lilikuwa 4,200.

Hapa sina budi kumtetea mwenye duka. Ni rahisi kumwita mnyonyaji, na usiku ule nilimwita hivyo. Lakini yeye hununua robota, hulifungua, hupima, hufunga, hupoteza kidogo katika kila upimaji, kisha humkopesha mwalimu ambaye atalipa baada ya siku 30, au asilipe. Wapo waliohama mtaa usiku wakamwachia madeni. Anayelipa huwalipia pia wale wasiolipa. Kosa lilikuwa letu, nalo halikuwa anasa. Hatukula nyama kila siku. Hatukuwa na soda mezani. Waandishi wengi wanaoshauri juu ya bajeti ya chakula humwambia msomaji aache hiki na kile, kana kwamba familia ya mwalimu wa kawaida inajizamisha kwa keki. Sisi hatukuwa na cha kuacha. Tulikuwa maskini kwa namna ya ununuzi wetu.

Tena kuna jambo ambalo ushauri wa "nunua kwa jumla" huliruka. Gunia la makaa lilihitaji shilingi 1,600 kwa mkupuo mmoja. Kopo lilihitaji 50. Anayelipwa kwa siku katika mjengo, akipata shilingi 500 ambazo lazima zitoe nauli, kodi na chakula, hanunui kopo kwa ujinga. Hananunua kwa kuwa gunia halimo katika uwezo wake wa siku hiyo, na kesho ni vivyo hivyo. Kwa hiyo aliye na kidogo hutozwa zaidi kwa kila kilo kuliko tajiri anayejaza gari lake dukani mara moja kwa mwezi. Mwalimu mwenye mshahara wa mwezi yuko katikati: anao mtaji kwa siku tatu hivi baada ya kulipwa, kisha anaurudisha wote kwa mwenye duka kulipia ugali ulioliwa zamani.

Kuukata mzunguko huo ndiko kugumu. Ilitubidi tuishi mwezi mmoja kwa mishahara miwili, kwa maana ya kulipa deni la nyuma na kununua vya mbele. Mke wangu, ambaye ni fundi cherehani, alitoa fedha za sare alizokuwa ameshona. Mimi nilikopa kutoka ushirika wa walimu, nikamlipia binti salio lake na kufunga daftari. Siwezi kusema mwezi huo ulikuwa mtamu. Tulikula omena na sukuma wiki hadi watoto wakaanza kuimba jina la omena wakiiona sufuria. Maharagwe tulijifunza kuyaloweka usiku kucha, na makaa ya kuyapikia yakapungua waziwazi. Mama yangu alilijua hilo miaka yote, nami nililisahau nilipopata kazi.

Mwezi wa Julai tuliunda chama, familia nane, wengi wetu walimu. Kila familia ilichanga shilingi 1,000 kwa mwezi. Kufikia Januari 2020 tulikuwa na shilingi 48,000. Kwa nini Januari? Kwa sababu mahindi ya Trans Nzoia na Uasin Gishu huvunwa kuanzia Oktoba, na bei huwa nafuu katika miezi inayofuata, kisha hupanda kadiri maghala yanavyokauka hadi kufikia kilele kati ya Mei na Julai. Wakenya tunakumbuka mwaka 2017, pale ilipobidi serikali itoe ruzuku ili pakiti ya kilo mbili iuzwe shilingi 90, na jinsi rafu zilivyokuwa tupu kwa wengi waliofika wakiwa wamechelewa. Mwaka 2022 ruzuku ilirudi tena mwezi wa Julai, kwa majuma machache. Kalenda ya njaa ya nchi hii haibadiliki sana. Kinachobadilika ni nani amejiandaa.

Tulinunua magunia 16 ya kilo 90 kwa shilingi 2,700 kila moja, pamoja na usafiri wa 3,200. Kila familia ikapata mawili. Ukijumlisha usafiri na gharama ya kusaga, kilo mbili za unga zilitufikia kwa shilingi 74 na senti kadhaa, nao ni unga usiokobolewa, wenye kushibisha. Linganisha na ile 125 ya daftari.

Laiti ningekomea hapo hadithi ingekuwa nzuri. Magunia matano kati ya yale 16 tuliyanunua kutoka lori jingine, jioni, kwa haraka, kwa kuwa bei ilikuwa chini kwa shilingi 100 katika mazungumzo ya awali. Muuzaji alipandisha mwishowe, nasi tukakubali. Hatukuyapima unyevu. Baada ya majuma matatu yalianza kutoa joto, na mkono uliozamishwa ndani ulitoka na vumbi la kijani. Shilingi 13,500 za watu wazima wenye shahada!

Mkutano ulikuwa mkali. Mmoja wetu alishauri tuyaoshe, tuyaanike na kuyachanganya na mazuri. Nilikataa, na nashukuru mwalimu mwenzetu wa biolojia alinisaidia. Mwaka 2004 watu 317 waliugua katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake, na 125 miongoni mwao wakafa, kwa kula mahindi yaliyokuwa na aflatoksini, sumu itokanayo na kuvu. Sumu hiyo haiondolewi kwa kuosha wala haiuawi na sufuria inayochemka. Tuliyafukia yote matano. Waliopoteza tuliwagawia kutoka kwa waliopata, kila mmoja akapungukiwa.

Tangu hapo hatununui mahindi pasipo chupa. Wanafunzi wanaweza kulijaribu jambo hili katika maabara ya shule. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, tia mahindi hadi theluthi yake, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokauka kabisa, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na hayafai kuhifadhiwa. Kiwango kinachotakiwa ni asilimia 13.5, hivyo hata chumvi isiponata sisi huyaanika tena siku mbili juu ya turubai kabla ya kuyatia ghalani, na magunia huyaweka juu ya mbao, si sakafuni.

Hasara hiyo ilikuwa bado ikituuma pale tarehe 15 Machi 2020, shule zote zilipoamriwa kufungwa kwa sababu ya korona. Sisi tulioajiriwa na tume tuliendelea kupata mishahara. Wawili katika chama chetu walikuwa wameajiriwa na bodi ya shule, na shule bila wanafunzi haikuwa na cha kuwalipa. Mmoja wao, kijana mwenye mtoto mchanga, aliniambia baadaye kwamba kuanzia Aprili hadi Juni kitu cha hakika nyumbani kwake kilikuwa yale mahindi. Kodi alidaiwa, stima ilikatwa, lakini ugali ulipikwa. Sijapata kusikia somo la uchumi lililonikaa moyoni kuliko maneno yake hayo.

Mwenye duka naye hakutukasirikia kwa muda mrefu. Siku moja aliniita: "Mwalimu, umenihama?" Nikamweleza. Alifikiri kidogo, akasema tukimletea oda ya pamoja na fedha taslimu, atatuagizia mitungi ya mafuta ya lita 20 na marobota ya unga kwa bei ya jumla, yeye achukue faida ndogo kwa kila moja. Hadi leo ndivyo tufanyavyo. Yeye hapotezi kwa madeni, nasi hatupandi matatu kwenda mjini kubeba mitungi.

Ila kila niendapo dukani kwake jioni kuchukua oda hiyo, huwakuta wamepanga foleni majirani wanaotoka mjengoni, chupa ndogo mkononi, wakingoja kupimiwa mafuta ya shilingi 20. Mwaka 2021 niliwasihi wenzangu tuwafungulie mlango kwa mchango wa shilingi 30 kwa siku badala ya 1,000 kwa mwezi. Ilizuka hoja ndefu juu ya nani atakusanya fedha hizo kila jioni. Mke wangu alijitolea, kwa kuwa cherehani yake iko njiani. Watatu waliingia. Mmoja alijitoa mvua ziliposimamisha kazi kwa majuma mawili, tukamrudishia alichokuwa amechanga. Wawili waliobaki walipata magunia yao Januari iliyofuata, na mmoja wao alikuja na chupa yake ya chumvi.