Kifaa cha Leza cha Nyumbani: Tazama Ngozi Kabla ya Bei

Majira ya harusi yanapokaribia, mabinti wengi na mama zao hujikuta wakijadili swali ambalo kizazi cha bibi zetu hakikulijua: je, inafaa kununua kifaa cha leza cha kuondolea nywele za mwili nyumbani? Matangazo yake yameenea katika simu za mkononi. Yanaonesha mguu laini na kuahidi kwamba wembe utasahaulika. Bei yake mara nyingi hufikia dola mia kadhaa za Marekani. Kwa familia ya kawaida, hiyo ni ada ya mtoto shuleni, au sehemu kubwa ya mahari ambayo binti amekabidhiwa. Kwa hiyo swali linastahiki jibu la makini, na jibu lenyewe limesimama juu ya jambo moja ambalo matangazo hulipita haraka, nalo ni rangi ya ngozi.

Dini inataka nini?

Tuanze na tunalowajibika nalo. Katika hadithi mashuhuri ya Abu Huraira (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametaja miongoni mwa mambo ya fitra kunyoa nywele za kinena na kunyofoa za kwapa. Anas bin Malik (r.a.) naye, katika Sahihi Muslim, amesimulia kwamba waliwekewa muda usiozidi siku arubaini. Huo ndio mpaka, na haujafungamanishwa na chombo chochote cha gharama.

Imamu Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, ameeleza kuwa lililo bora kwa kinena ni kunyoa, lakini yafaa pia kukata, kunyofoa, au kutumia nura, dawa ya kupaka iliyotumika zama hizo. Amesimulia vilevile kuwa Imamu Shafi'i alikutwa akinyolewa kwapa, naye akaeleza kuwa anajua Sunna ni kunyofoa, ila hawezi kustahimili maumivu yake. Tunajifunza hapa kwamba kinachotakiwa ni usafi kupatikana, na kwamba sheria imetoa nafasi kwa hali ya mwili wa mtu. Kifaa kipya, basi, hakiwi haramu kwa upya wake, wala hakiwi Sunna kwa kuwa kinaondoa nywele. Kitapimwa kwa manufaa na madhara yake.

Yapo mazuri yanayowavuta watu kwenye kifaa hiki, na kubwa lao ni sitara. Mwanamke anayekwenda kliniki hulazimika kumfunulia mtu mwingine mwili wake. Wanazuoni wamesisitiza kuwa baina ya kitovu na magoti hapafunuliwi hata mbele ya mwanamke mwenzake, ila kwa dharura inayokubalika. Mtu anayetaka kujihudumia chumbani mwake ana hoja nzuri. Swali ni kama kifaa chenyewe kitamfaa.

Namna kinavyofanya kazi

Vifaa vingi vinavyoitwa leza za nyumbani si leza. Philips Lumea, Braun Silk-expert na Ulike, kwa mfano, hutumia taa inayotoa mapigo ya mwanga mkali wenye mawimbi mengi mchanganyiko, aina inayojulikana kwa herufi IPL. Leza ya kweli hutoa wimbi la aina moja tu. Kifaa cha Tria ni miongoni mwa vichache vya nyumbani vilivyo leza hasa.

Aina zote mbili hutegemea melanini, yaani ile rangi ya asili inayoufanya unywele uwe mweusi. Mwanga hupenya ngozi, ukanyonywa na melanini ya unywele, ukageuka joto, na joto hilo likaudhoofisha mzizi. Ndiyo maana nywele nyeupe, za mvi au nyekundu hazifaidiki. Na kwa kuwa mwanga huathiri tu nywele zilizo katika hatua ya kukua, kazi hurudiwa kila wiki au kila baada ya wiki mbili kwa miezi kadhaa, kisha huendelezwa kwa marudio. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, kwa upande wake, hutofautisha kati ya kupunguza nywele na kuziondoa zote daima. Anayeacha marudio atarajie nywele kurejea.

Hapa ndipo penye uzito

Melanini haipo kwenye unywele peke yake. Ipo pia kwenye ngozi, na ngozi nyeusi inayo kwa wingi. Mwanga wa kifaa hauchagui: ukikutana na melanini ya ngozi kabla ya kuufikia unywele, joto hubaki juu. Matokeo yake ni kuungua, malengelenge, na mabaka meusi au meupe yanayoweza kudumu kwa miezi na pengine zaidi. Binti aliyetaka mguu laini kwa ajili ya siku moja huenda akaingia katika ndoa yake na alama asizokuwa nazo.

Madaktari wa ngozi hutumia vipimo vilivyoasisiwa na Thomas Fitzpatrick mwaka 1975, ambavyo leo vina madaraja 6, kuanzia ngozi nyeupe kabisa hadi nyeusi kabisa. Watengenezaji wa vifaa hivi huishia kwenye daraja la 4 au la 5. Daraja la 6, ambalo ndilo la ndugu zetu wengi wa bara na pwani, limewekwa nje na wao wenyewe. Ndani ya kasha la kifaa halisi mna jedwali la rangi. Vifaa vingi vizuri vina pia kitambuzi kinachosoma ngozi na kukataa kutoa mwanga ikiwa nyeusi mno. Mnunuzi wa namna hiyo hubaki na chombo cha bei kubwa kisichowaka. Lakini mwenye kifaa cha bandia kisicho na kitambuzi yuko hatarini zaidi, kwa maana chake kitawaka.

Kuna jambo la pili ambalo wengi huligundua baada ya kulipa. Maelekezo ya vifaa hivi kwa kawaida hukataza kuvitumia kwenye sehemu za siri zenyewe, na huruhusu pembezoni mwa kinena tu. Ngozi ya hapo ni laini, na huwa nyeusi kuliko sehemu nyingine za mwili hata kwa mtu mweupe. Kwa hiyo mahali ambapo fitra imetutaka tuondoe nywele ndipo kifaa kisipopaswa kufika. Wembe utabaki palepale.

Nani anaweza kufaidika?

Wapo ambao kifaa kinaweza kuwafaa: mwenye ngozi ya maji ya kunde iliyofifia au nyeupe, mwenye nywele nyeusi, anayetaka kushughulikia miguu, mikono au kwapa, na mwenye subira ya marudio. Huyo na atazame jedwali kwanza, ajaribu mahali padogo, na asubiri siku moja kabla ya kuendelea. Anyoe kwa wembe kabla ya kutumia; asing'oe kwa sukari na ndimu wala kwa uzi, kwa sababu mwanga unauhitaji mzizi. Asipitishe kifaa juu ya hina au piko, wala juu ya madoadoa meusi ya asili, kwani rangi hiyo nayo hunyonya mwanga. Mjamzito na anayenyonyesha wasitumie. Mwenye kumeza dawa zinazoifanya ngozi idhurike na mwanga, kama doxycycline, amuulize daktari. Karibu na macho kisisogezwe kabisa, na nyusi zina katazo lake la kisheria juu ya hilo la afya.

Kwa wanaosumbuliwa kweli

Tusiwasahau dada zetu wanaoota nywele nene kidevuni. Imamu Nawawi amesema mwanamke aliyeota ndevu yapendeza aziondoe, kwa hiyo asione haya kutafuta msaada. Lakini nywele hizo, hasa zikifuatana na hedhi isiyo na mpangilio, zaweza kuwa dalili ya mvurugiko wa homoni. Mwanga hautibu homoni, na wakati mwingine mwanga usiotosha huchochea nywele ziongezeke. Fedha ya kifaa itumike kwanza kumwona daktari. Nao waume wawe wapole, kwani maneno ya kejeli juu ya jambo ambalo mke hakulichagua yanaumiza.

Kwa wenye vipele vya kunyoa visivyokoma, zipo leza za hospitali za aina ya Nd:YAG, zenye wimbi la nanomita 1064. Wimbi hilo hupenya ndani zaidi na hunyonywa kidogo na melanini ya juu, kwa hiyo ndilo linalochaguliwa kwa ngozi nyeusi. Anayelihitaji amtafute daktari wa ngozi, na mwanamke aombe mhudumu wa kike.

Wengine wote, chukueni wembe mpya usiochangiwa, lowesheni nywele kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, na nyoeni kufuata zinakolala. Anayetokwa vipele apunguze kwa mkasi au mashine, kwani kukata kumeruhusiwa. Gharama yake ni ndogo, siku arubaini hazitapita, na ngozi aliyotupa Allah itabaki salama. Atakayeshauriwa kununua kifaa aombe kwanza kuoneshwa jedwali la rangi, auweke mkono wake pembeni yake, kisha aamue kama atoe fedha.

Wallahu a'lam.