Waraka umefika, mafunzo je?

Mwalimu anayeteuliwa kuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi Tanzania hupewa barua ya uteuzi, hati ya makabidhiano, funguo za stoo na posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi. Posho hiyo ilianza mwaka wa fedha 2016/17. Mkuu wa shule ya sekondari na Afisa Elimu Kata hupata 250,000. Mara nyingi kinachokosekana kwenye kifurushi hicho ni mafunzo. Ameteuliwa kwa sababu anafundisha vizuri na hana makando-kando. Jumatatu inayofuata anatakiwa awe mhasibu, msimamizi wa mafundi, mpatanishi wa walimu na msemaji wa serikali mbele ya wazazi.

Na wakubwa wake ni wengi. Shule ni mali ya halmashauri, na halmashauri ziko chini ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Sera na viwango viko Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, ambayo ndiyo pia yenye wathibiti ubora wa shule. Nidhamu na vyeo vya walimu viko Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 25 ya mwaka 2015. Mitihani ni Baraza la Mitihani, NECTA; mitaala na vitabu ni Taasisi ya Elimu Tanzania. Kila mmoja ana haki ya kuandika, na huandika. Barua hushuka kwa Mkurugenzi, ikaenda kwa Afisa Elimu wa halmashauri, ikafika kwa Afisa Elimu Kata. Siku hizi, kabla karatasi yenyewe haijafika, picha yake imeshatupwa usiku kwenye kundi la WhatsApp la walimu wakuu wa kata, chini yake pameandikwa “Kwa utekelezaji”. Wanajibu mmoja baada ya mwingine: “Imepokelewa, mkuu.” Hapo kazi inahesabiwa kuwa imekwisha.

Kwa barua ya kutaja tarehe ya kufunga shule, hilo linatosha kabisa. Kuna nyaraka, hata hivyo, ambazo kuzisoma ni sehemu ndogo tu ya kuzitekeleza. Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka 2016, uliofafanua elimumsingi bila malipo, uligawa majukumu: serikali yake, kamati ya shule yake, mzazi yake. Mzazi alibaki na sare, madaftari na chakula cha mtoto. Mtaani lilisikika neno moja tu, bure. Aliyekabidhiwa kazi ya kusimama chini ya mwembe na kuwaeleza wazazi kwa nini bado wanadaiwa mahindi ya uji ni mwalimu mkuu, ambaye hakuna aliyemfundisha kuendesha mkutano wenye hasira. Waraka Na. 2 wa mwaka 2021 ulifungua mlango kwa wanafunzi waliokatiza masomo kurudi shuleni, wakiwemo wasichana waliojifungua. Kumwandikisha binti huyo ni kazi ya dakika chache. Anyonyeshe saa ngapi, mwalimu wa zamu anayemkejeli aonywe vipi, wazazi wanaonung’unika waambiwe nini: hayo hayaandikiki kwenye waraka, yanahitaji kiongozi aliyeyazungumza na wenzake kabla hayajamfika.

Fedha nayo ina mambo yake. Ruzuku ya uendeshaji wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 6,000 huingia kwenye akaunti ya shule na 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Shule yenye wanafunzi 500 basi inaendeshwa kwa milioni tatu, yaani 250,000 kwa mwezi. Ni sawa kabisa na posho ya Afisa Elimu Kata anayekuja kuikagua. Fedha hiyo ndogo inapangwa kwenye PlanRep, inaingizwa kwenye mfumo wa uhasibu wa FFARS, na manunuzi yake yanapita NeST. Uandikishaji na uhamisho wa wanafunzi uko PREM. Utendaji wa walimu, ambao zamani ulijazwa kwenye karatasi za OPRAS, sasa uko PEPMIS. Mifumo hii si mibaya. Wizi wa zamani wa “wanafunzi hewa” umekuwa mgumu zaidi. Lakini katika shule nyingi neno la siri analijua mwalimu mmoja kijana, yule anayeitwa “mtaalamu wetu”. Akihamishwa, shule nzima hupigwa bumbuwazi, na mwalimu mkuu hubeba daftari lake hadi makao makuu ya wilaya kuomba msaada.

Ujenzi ndio mzito kuliko yote. Mwaka 2021, kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19, serikali ilijenga madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya shule shikizi (zile ndogo zinazolelewa na shule mama), kila darasa la sekondari likitengewa shilingi milioni 20. Mengi yalijengwa kwa fosi akaunti: shule inanunua vifaa yenyewe na kumlipa fundi wa hapo hapo ufundi tu. Njia hii inapunguza gharama, nami naiunga mkono. Ila inamfanya mwalimu wa Kiswahili aunde kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi, alinganishe bei za saruji, kisha ajue kama nondo iliyoletwa ndiyo ile iliyoandikwa kwenye makisio. Mkaguzi akija, sahihi iliyo kwenye hati ni yake.

Si kwamba mafunzo hayapo. Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, wenye makao yake Bagamoyo na kampasi Mwanza na Mbeya, unatoa stashahada ya uongozi na utawala wa elimu pamoja na kozi fupi. Wanaopita huko hufaidika. Tatizo ni idadi na wakati: mtu huitwa akiwa ameshaongoza miaka kadhaa, baada ya makosa kuwa mazoea. Njia ya pili ni semina ya mteremko, ambapo wachache hufundishwa mkoani siku tano, wakafundisha wilayani siku mbili, wakaja kwenye kata asubuhi moja. Kinachofika chini ni vichwa vya habari.

Walimu wa darasani wamepata kilicho bora zaidi. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, unawakutanisha katika jumuiya za kujifunza shuleni na kwenye kata, wakijadili somo moja lililowashinda. Viongozi wao wanastahili kitu cha namna hiyo hiyo, na nafasi tayari ipo: kikao cha Afisa Elimu Kata na walimu wakuu. Kwa sasa saa zake huliwa na kusomewa barua ambazo wote wamekwisha kuziona kwenye simu. Barua zibaki kwenye simu. Kikao kichukue jambo moja, kwa mfano hati ya malipo iliyokataliwa, na aliyefanikiwa aonyeshe alivyofanya, karatasi zikiwa mezani.

Haraka ya mafunzo haya ninayoiona inatokana na kalenda. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita na elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi. Watoto walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu Januari 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao wenzao wa mbele yao watamaliza darasa la saba. Januari 2028 mikondo yote miwili itabisha hodi kidato cha kwanza. Bajeti ya mwisho inayoweza kuwajengea madarasa na kuwanunulia meza ni ya 2027/28, inayoanza Julai 2027, na mapendekezo yake hukusanywa kutoka shuleni miezi mingi kabla. Mkuu wa shule ya sekondari anayetaka takwimu sahihi itabidi azifuate mwenyewe kwa walimu wakuu wa shule za msingi zinazomzunguka, awahesabu wa darasa la sita na la saba pamoja, apunguze wanaohama, kisha apeleke maoteo hayo kwa Afisa Elimu kabla PlanRep haijafungwa.