Zamu ihesabiwe: somo la telefone kwenye motopompe yetu

Wachimbaji wenzetu, na nyinyi wamama mnaosubiri habari zetu nyumbani, leo tunaanza na jambo dogo. Uko unaongea na bibi yako kwa telefone, na wakati uleule video mpya iko inapakuliwa. Mara sauti inakatika-katika. Unagusa kioo, hakuna kinachosogea. Unaipiga-piga telefone kwenye mkono na kulaumu batri. Lakini mara nyingine kosa si la batri. Kosa ni la yule anayegawa zamu ndani.

Jambo hili tulilisikia kwa kijana mmoja anayetengeneza telefone mjini Butembo, siku tulipompelekea telefone ya kamati yetu. Alipoanza kueleza tulicheka. Alipomaliza tulinyamaza, juu ilikuwa kama anaongea habari zetu sisi.

Miaka michache iliyopita, kwenye kariere moja ambayo hatutaitaja, mashimo 6 yalikuwa yanategemea motopompe moja. Aliyeigawa hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anabahatisha tu. Anayepiga kelele anapewa, anayejulikana anapewa, aliyeonekana asubuhi anapewa. Ekipi ya shimo la chini kabisa walikuwa watu wapole. Walingoja siku 3. Usiku wa siku ya 4 maji yakala ukuta, shimo likaanguka. Kwa neema ya Mungu hakukuwa na mtu ndani. Lakini miti, magunia na kazi ya wiki 6 vilizikwa. Mmoja wao aliuza kinga yake ili watoto wasifukuzwe shule.

Sasa turudi ndani ya telefone. Nyingi kati ya zile tunazobeba zinatumia Android, na kiini cha Android ni Linux, programu ambayo Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi kule Helsinki. Kiini njo kinachosimamia mtambo wote. Prosesa, ile sehemu inayofanya hesabu, ni kama motopompe yetu: kazi ni nyingi, mashine ni moja au chache. Kuna kazi ya sauti, kazi ya kioo, kazi ya kupakua, kazi ya saa. Ndani ya kiini kuna mpanga zamu. Anampa huyu sehemu ndogo ya sekunde, anamtoa, anampa mwingine. Akigawa vizuri, wewe unaona kama zote zinatembea pamoja. Akigawa vibaya, moja inakaa na njaa na telefone inaganda.

Zamani mpanga zamu wa Linux naye alikuwa anabahatisha. Aliangalia tabia ya kila kazi: hii inalala mara nyingi, basi pengine iko inamngoja mtu aguse, tuipe nafasi ya mbele. Mara nyingi alipatia, lakini alipokosea, kazi moja ilimeza wakati wote na wengine wakabaki wanaangalia.

Aliyesumbuka na jambo hilo ni Con Kolivas wa Australia. Yeye ni daktari wa kulaza wagonjwa usingizi kabla ya upasuaji, si mtu wa kompyuta kwa kazi. Alitaka tu mashine ya mtu wa kawaida ifanye kazi vizuri. Mwanzoni mwa 2007 alionyesha mpango wake: tuache kubahatisha tabia, tugawe kwa haki. Mwezi wa 4 mwaka uleule, Ingo Molnár wa Hungaria akatoa mpango mwingine kwa wazo hilohilo la haki, na akakubali waziwazi kwamba Kolivas njo alionyesha kuwa inawezekana. Mpango wa Molnár, unaoitwa CFS, uliingia katika Linux mwezi wa 10, 2007. Uliochaguliwa haukuwa wa Kolivas, na yeye aliondoka katika kazi hiyo kwa uchungu. Lakini tushike na hili: mpango wa zamani uliobomolewa ulikuwa umejengwa na Molnár mwenyewe. Aliona umekosa, akaubomoa kwa mikono yake. Wakubwa wangapi kwenye mashimo yetu wanaweza kufanya vile?

CFS inafanya nini? Inaandika. Kila kazi iko na hesabu yake: umekwisha kupata wakati kiasi gani. Zamu ikifika, anayepewa ni yule aliyepata kidogo kuliko wote. Hakuna kelele, hakuna sura. Kazi zenye uzito zaidi zinapata zaidi, lakini uzito huo umeandikwa, unajulikana, na hesabu inaufuata.

Kuna werevu mwingine hapo. Mtu aliyelala miezi 2 kijijini akirudi, hawezi kusema: «Mimi sijapata kitu tangu Pasaka, nipeni zamu zangu zote leo.» Angefunga wengine wote. Kwa hiyo anayeamka anawekwa karibu na pale wenzake walipofika, na nafuu kidogo tu. Anayeingia mpya pia haanzii sufuri. Haki haimaanishi kulipwa wakati ambao hukuwepo kwenye laini.

Je, mambo yaliisha? Hapana. Mwaka 2016, watafiti wa Ufaransa, Uswisi na Kanada walichunguza kompyuta kubwa yenye vitengo 64 vya kufanya kazi. Waliona aibu: kazi zimepanga laini zinangoja, na pembeni vitengo vingine vimekaa bure. Mpango mmoja wa biashara wa kutunza data ulikuwa unapoteza 14 hadi 23 kwa mia ya kazi yake. Kosa mojawapo lilitoka wapi? Mpanga zamu alikuwa analinganisha makundi kwa wastani. Katika kundi moja, kitengo kimoja kilikuwa kimelemewa sana, na wastani ukaonyesha kwamba kundi lote liko na kazi nyingi. Wale waliokaa bure ndani ya kundi hilo hawakuonekana. Dawa yao ilikuwa nyepesi: usiangalie wastani, angalia aliye chini kabisa.

Wenzetu, neno hilo lilitugonga. Ni mara ngapi tunaambiwa kwamba «kwa wastani kariere inazalisha vizuri»? Wastani haukuanguka na shimo. Ni watu wa shimo la chini walioanguka.

Tena mwezi wa 10, 2023, Linux ilibadilisha kanuni nyingine. Peter Zijlstra aliingiza mpango uitwao EEVDF, uliotokana na maandishi ya Ion Stoica na Hussein Abdel-Wahab ya mwaka 1995. Hesabu ya nani anadai zamu bado iko, lakini kila mmoja amewekewa saa ya mwisho ya kuhudumiwa. Anayehitaji wakati mfupi anaweza kutangulia mwenye kazi ndefu. Hapati zaidi, anapata mapema. Kwetu ni sawa na mama anayetaka maji ya kuosha beseni moja la mchanga kabla giza halijamkuta njiani. Akitangulia dakika 10, ekipi yenye kazi ya masaa 5 haipotezi kitu, na hesabu yake inabaki palepale. Sauti ya bibi kwenye telefone ni kama beseni hilo: ni kazi ndogo, lakini ikichelewa haina maana tena.

Sisi hatuna prosesa. Tuko na kaye na biki. Baada ya shimo lile kuanguka, kamati yetu ilifunga kaye moja kwa kamba kwenye hanga ya motopompe. Kila ekipi inaandikiwa saa ya kuwasha na saa ya kuzima. Shimo lenye maji mengi liko na uzito wake, uliokubaliwa na wote kwenye kikao, si kwenye sikio la mtu. Kila jioni tunasoma kwa sauti jina la aliyepata kidogo, juu si wote wanaojua kusoma. Kesho anaanza yeye.

Mambo hayakunyooka siku moja. PDG mmoja alikataa kuandikwa. Kijana mmoja alitoboa siri kwamba watu wanazima motopompe dakika 5 kabla na kuandika saa ya uongo. Tukaongeza shahidi kutoka ekipi inayofuata. Wenzetu wa upande wa Beni walipotutembelea walituonyesha kosa lingine: wamama wa kuosha hawakuwa kwenye kaye kabisa, kama vile hawako kwenye laini. Tuliona haya. Sasa wako na ukurasa wao.

Kwa hiyo tunaomba mambo 3 kwenye kila kariere. Kaye ya zamu iwe wazi, mtu yeyote aweze kuifungua. Anayegawa aangalie aliye chini, si wastani. Na kanuni ikionyesha kosa, tuibadilishe kwenye kikao bila aibu, kama Molnár alivyobomoa mpango wake mwenyewe.

Ndani ya telefone hiyo uliyoshika muko tantali, inayotoka katika koltani kama ile ya Rubaya. Kwa mashine iliyobeba jiwe la huku kwetu, watu wamebishana miaka mingi ili hata kazi ndogo kabisa isisahauliwe kwenye laini. Mchimbaji wa shimo la chini naye asisahauliwe. Kikao kijacho, njooni na kaye zenu.