Ua la Rangi ya Waridi Ambalo Si Waridi



Ukipita kwenye viwanja vya mchanga vya Mbagala, Chamazi, Tegeta au Bunju, utaliona ua dogo la rangi ya waridi, pengine jeupe, linalochanua masika na kiangazi. Huota lenyewe kandokando ya njia na kwenye viwanja visivyojengwa, na wengi tumelipanda mbele ya nyumba kwa kuwa halisumbui kwa maji. Wapo wanaolidhania kuwa ni jamii ya waridi, nalo waridi linajulikana kuwa halina madhara. Hapo ndipo penye hatari, maana majani ya ua hili huchemshwa na kunywewa kama dawa ya kisukari.

Tuanze na waridi. Jamii yake ni kubwa. Hata mipichi na miplamu ya Lushoto imo humo. Chukua ua la mpichi: lina petali tano, kila moja imejitenga na mwenzake, na katikati kuna vijiuzi vingi vya chavua vinavyoonekana wazi. Waridi la bustani lina petali nyingi kwa sababu wakulima wamelichagua hivyo kwa vizazi vingi, lakini majani yake hupishana kwenye tawi, moja huku, jingine kule.

Sasa chuma lile ua la kiwanjani. Nalo lina petali tano, na hilo ndilo linalotudanganya. Lakini petali hizo zimeungana chini zikawa mrija mwembamba, na katikati kuna kijitundu kidogo, mara nyingi chenye doa jekundu au la njano. Vijiuzi vya chavua havionekani. Vimejificha ndani ya mrija. Majani yamekaa mawili mawili yakitazamana, yanang'aa, na mstari wa katikati ni mweupe. Halina miiba. Ukivunja shina hutoka utomvu mweupe, na matunda yake ni vijiganda vyembamba viwili viwili vyenye mbegu nyeusi. Jina lake la kitaalamu ni Catharanthus roseus, na neno la pili linataja rangi tu. Asili yake ni Madagaska. Ndugu zake ni mimea kama olianda na lile "waridi la jangwani" linalouzwa kwenye vyungu kando ya barabara, yote miwili ikiwa na sumu ya moyo.

Je, linatibu kisukari? Swali hili si geni. Mwaka 1952 daktari mmoja wa Kanada alitumiwa majani haya kutoka Jamaika, ambako watu walikuwa wakiyanywa kwa ugonjwa huo huo. Ndugu yake, Robert Noble, pamoja na mwenzake Charles Beer, waliyajaribu kwa panya. Panya walipopewa maji ya majani kwa kinywa, sukari yao haikushuka. Walipodungwa sindano walikufa kwa maambukizo, kwa sababu chembe nyeupe za damu, zile zinazoulinda mwili, zilikuwa zimepungua mno. Wataalamu hao waliacha kutafuta dawa ya sukari, na kutoka katika mmea huo ikapatikana dawa ya saratani, vinblastini. Baadaye ikapatikana ndugu yake, vinkristini, ambayo hadi leo hutibu watoto wenye saratani ya damu na ile ya taya iliyoelezwa na Denis Burkitt huko Kampala mwaka 1958.

Kwa hiyo mmea huu ni dawa kweli, ila si ya sufuria. Mtu mzima kwa kawaida hapewi zaidi ya miligramu 2 za vinkristini kwa mara moja. Sisi wauguzi huishika kwa glovu, kwa sababu ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Huleta pia ganzi miguuni na mikononi. Kwenye kikombe cha majani yaliyochemshwa hakuna awezaye kupima kilichomo, leo kidogo, kesho kingi. Naye mgonjwa wa kisukari tayari yuko hatarini kupata ganzi ya miguu na vidonda visivyopona. Kumpunguzia kinga ni kumwongezea mzigo.

Lakini linalotutia hofu zaidi ni kuachwa kwa tiba. Mtoto mwenye kisukari anayetegemea insulini akiikosa anaweza kufa katika siku chache. Mtu mzima anayeacha vidonge anaweza kujiona mzima huku macho na figo vikiharibika polepole.

Kama nyumbani kuna mzee anayekunywa majani haya, msimkaripie, maana atayanywa kwa siri. Mwulizeni ameanza lini, na kama bado anatumia dawa zake, kisha mwende naye kliniki kupima sukari. Mama mjamzito asiyanywe kabisa, kwa kuwa dawa za mmea huu zinaweza kudhuru mtoto tumboni. Mtu akiyanywa kisha akatapika, akapata homa, ganzi au udhaifu, apelekwe hospitali mara moja, na mchukue tawi lenye ua na majani yake. Msimpe maziwa wala kumtapisha.

Si lazima kuling'oa. Libaki uani likipendeza, ila watoto wadogo wasilitafune.