Fahamu: Hisa ya kampuni ya umeme hupimwaje?

Mwenye karasha la kuponda mawe Geita na mwenye mashine ya kukoboa mpunga Shinyanga wote hununua umeme wa LUKU kutoka TANESCO. Lakini TANESCO ni shirika la serikali; hisa zake haziuzwi sokoni. Anayetaka hisa za umeme hutazama Soko la Nairobi, waliko Kenya Power na KenGen.

Kwa nini faida pekee haitoshi?
Huyumba mno. Mwaka wa fedha 2022/23 Kenya Power ilipata hasara ya takriban Sh3.2 bilioni za Kenya. Uliofuata, faida ya Sh30 bilioni. Lakini mapato yalitoka Sh191 bilioni hadi Sh231 bilioni tu, hivyo hisa yaweza kupimwa kwa mapato badala ya faida.

Hesabu ya mapato ikoje?
Chukua mapato ya miaka kumi. Pandisha ya kila mwaka kulingana na mfumuko wa bei, gawanya kwa idadi ya hisa, tafuta wastani, kisha linganisha na bei ya hisa.

Tahadhari
Kwa hisa takriban bilioni 1.95 za Kenya Power, mapato ya 2023/24 ni kama Sh118 kwa hisa, ilhali mwaka 2024 hisa iliuzwa chini ya Sh6. Usikimbilie kununua: sehemu kubwa ya fedha hizo huwalipa wazalishaji wa umeme na wadai. Soma madeni kwanza.