Ukope Tuli: Namna Seli Inavyosimamisha Antena Yake

Mwaka jana, hapa Mususa, mjomba wangu aliambiwa kwamba figo zake zimejaa vifuko vya maji. Daktari alieleza kwa Kifaransa, nami nikatafsiri. Alipofika kwenye neno "cil", nikasema "ukope". Mjomba akagusa jicho lake. "Mpwa wangu, mimi ninaumwa figo."

Neno halikuwa na kosa. Hata "cilium" ya Kilatini ni ya jicho. Kilichokosekana ni maelezo. Ndiyo haya.

Seli nyingi za mwili, zikipumzika kugawanyika, huota ukope mmoja usiopiga. Kope za njia ya hewa hufagia makohozi. Huu haufagii kitu. Ni antena ya kupokea habari za nje.

Ndani ya seli mna vijiti viwili, sentrioli mama na sentrioli binti. Mama peke yake ndiye huota ukope. Hujishikiza kwenye utando, lakini ncha yake imezibwa na protini CP110, kama kifuniko cha chungu. Protini CEP164 humleta TTBK2, naye huwezesha kifuniko kuondolewa. Ndipo jozi tisa za mirija hurefuka. Ukope hauna kiwanda cha protini. Huletewa kila kitu. Kinesini-2 hupeleka mizigo hadi nchani, daineini-2 huirudisha. Seli ikitaka kugawanyika tena, protini Aurora A huanzisha kuukunja ukope, maana sentrioli zinahitajika katika kazi hiyo.

Kwenye kope za seli za figo hukaa protini ziitwazo polisistini, zinazotokana na jeni PKD1 na PKD2. Mojawapo ya jeni hizo ikiwa na hitilafu, vifuko huweza kuota na kukua miaka mingi bila maumivu. Kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi moja kati ya mbili ya kurithi hitilafu hiyo. Mjomba ana watoto wanne. Hilo ndilo alilopaswa kulisikia, nami nilimwachia jicho.

Kwa hiyo ninapendekeza "ukope tuli". Umoja wake unasema seli moja, ukope mmoja. "Tuli" inautenga na kope zinazofagia.

Jioni moja nilimweleza mjomba upya, kwa chungu na kifuniko chake. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Basi watoto wangu wapimwe lini?" Wiki iliyofuata tulirudi kwa daktari na swali hilo.